Programu Iliyokuja Imepikwa

Habari za kifo cha Elibariki Msengi zilinikuta uani kwangu, Mwankoko, nikiwa nimekaa kwenye kigoda napepeta uwele. Mkewe alipiga simu mwenyewe. Hakulia. Alisema, "Wifi, kaka yako ametutoka," kisha akanyamaza muda mrefu mpaka nikawasikia kuku wake kule upande wa pili, na hapo ndipo nilipoamini. Kesho yake nilipanda basi kwenda Kinyangiri kuzika. Nyumba ilikuwa imejaa. Wanawake tuliketi mikekani katika chumba ambacho vitanda vyake vilikuwa vimetolewa nje, ukutani imebaki kalenda ya kanisa na picha ya Elibariki kijana, amesimama kando ya gari jeupe, mkono juu ya boneti kama mtu aliyelinunua. Chakula kilipokuja, mama mmoja aliniinamia akaninong'oneza kwamba kuku wamechinjwa na kijana wa Kiislamu, nisiwe na wasiwasi. Nikanawa. Nyuma yangu nikasikia, "Huyu mwenye baibui ni nani?" Mwingine akajibu, "Si yule wa kompyuta? Ndiye aliyekuwa akizunguka na marehemu enzi zile za mashine." "Wale waliofukuzwa?" "Haohao." Walisema bila ubaya, kama watu wanaotaja mwaka wa njaa au mwaka wa mvua nyingi. Lakini tonge langu lilibaki hewani. Nimekwisha kuwa bibi, nimezika wazazi na mume, na bado mwaka ule ukitajwa narudi kuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, nimepakata boksi la disketi mapajani.

Ulikuwa mwaka ambao kila mtu mjini Singida alikuwa na hofu, ingawa madukani vitu vilikuwa tele. Watoto wangu hawaelewi nikiwaambia hivyo, kwa sababu wao wanadhani hofu inakuja na upungufu. Sisi upungufu tulikuwa tumeshaupita. Sabuni ilikuwepo, sukari ilikuwepo, mitumba imetandazwa mpaka barabarani, redio za kila aina zinapiga kelele nje ya maduka. Kilichokuwa kinapungua ni watu makazini. "Amepunguzwa," ndilo neno ulilolisikia msikitini, kwenye foleni ya maji, kwenye harusi. Shirika hili limeuzwa, bohari lile limefungwa, na mtu aliyekuwa karani tangu ujana wake unamkuta kakaa kivulini anauza mafuta ya alizeti kwa chupa, anakwepa macho yako. Hospitalini tulianza kuchangia gharama. Dawa, ambazo zamani zilitoka mahali pamoja, zikawa zinaletwa na makampuni ya watu binafsi, mwezi huu boksi la kijani, mwezi ujao jekundu, kila moja na maandishi yake na nguvu yake. Manesi hawajamaliza kuzoea moja, jingine limefika.

Katikati ya hayo mimi nikapata kazi, na kupata kazi wakati wengine wanaikosa nako kunatisha. Nilikuwa na cheti cha kompyuta, kitu ambacho wachache walikuwa nacho mjini petu, na ulikuja mradi wa afya ya watoto uliohitaji mtu wa kuziweka mashine zake vituoni. Mradi wenyewe ulikwisha zamani na jina lake silitaji. Ofisi ilikuwa nyumba ya kupanga, sebule ndiyo chumba cha mashine. Mapazia mazito yalifungwa mchana kutwa kuzuia vumbi la ule upepo wetu, kila kompyuta imefunikwa kitambaa cha kufumwa kama redio ya bibi harusi, na tuliingia humo tumevua viatu. Mkuu wetu alikuwa Bwana Mhando, mtu wa Tanga, mpole wa sauti, mwenye mashati yaliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alikunywa chai ya rangi glasi baada ya glasi na hakuimaliza hata moja. Nilidhani ni maringo ya mtu mkubwa. Leo najua kwamba ni mtu ambaye tumbo lake halikuwa likikubali kitu.

Programu ilitoka ng'ambo kwa disketi. Kazi yake ilikuwa kutunza kumbukumbu za kila mtoto chini ya miaka mitano anayeletwa kituoni: jina, namba, uzito, ugonjwa. Nesi akishaandika uzito, printa inatoa kikaratasi cha kubandika kwenye kadi, kimeandikwa mtoto apewe dawa kiasi gani. Jambo zuri kabisa. Nilimuuliza Bwana Mhando kama kuna namna ya kuona ndani yake, jinsi inavyopiga hesabu, maana chuoni tulifundishwa kuandika programu ndogondogo na mimi nilipenda kujua. Akacheka kidogo. "Haifunguki, Zuhura. Wenyewe wameshaigeuza iwe lugha ya mashine. Imekuja imepikwa. Wewe kazi yako kupakua tu kwenye sahani." Sahani zilikuwa tano: moja palepale ofisini ya kujifunzia, nne vituoni, na chakula kilekile kila mahali. Ilinipendeza kusikia hivyo. Kitu nisichoweza kukifungua hakiwezi pia kuharibika mikononi mwangu, ndivyo nilivyojiambia.

Elibariki ndiye aliyekuwa dereva. Alikuwa Mnyiramba wa Kinyangiri, mrefu, mwenye mikono mikubwa ambayo ilibeba kompyuta kama inabeba mtoto mchanga. Alinizidi miaka michache, nikamwita kaka Eli, naye akaniita dada Zuhura hata tulipogombana. Tulizunguka naye kiangazi chote. Unafika kituoni, unatafuta chumba kisichovuja, jenereta linawashwa, unaingiza disketi ya kwanza, unasubiri, ya pili, unasubiri, huku wafanyakazi wamejazana mlangoni wanaangalia kioo kama wanaangalia maiti inayoogeshwa. Hakuna mahali tulipokaribishwa kwa furaha. Kwenye kituo kimoja cha upande wa Kintinku mganga wake, mzee Sogoda, Mgogo mwenye mvi na viatu vilivyong'arishwa, alitupokea amesimama wima kama askari. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba, binti. Sasa nieleze ukweli kabla hujashusha hicho kitu. Kimekuja badala ya nani?" Nikamwambia hakikuja badala ya mtu yeyote, kimekuja kusaidia. Alinitazama kwa huruma. "Na wewe umeambiwa hivyo," akasema. Kisha akafanya aliloagizwa: agizo la ofisi lilikuwa kwamba chati za zamani za dozi ziondolewe ukutani, manesi wasichanganye chati na mashine. Alizing'oa mwenyewe, msumari mmoja mmoja. Ukutani pakabaki mraba mweupe. Treni ilipita mbali, na mimi nikawa natamani tumalize tuondoke.

Zahanati ya upande wa Kinyangiri ndiyo niliyoipenda. Ilikuwa ndogo, mawe makubwa nyuma yake, na Sista Naomi aliyeisimamia alitulaza nyumbani kwake na kutupikia ugali wa uwele na mlenda unaovutika mpaka kidevuni. Alikuwa mwanamke mfupi, mcheshi, aliyesema na wagonjwa Kinyiramba na kugeukia Kiswahili akizungumza nasi wa mradi. Usiku ule wa kwanza nilimsikia kupitia ukuta akimwambia Elibariki, "Huyu binti wa watu unamfundisha kuogopa barabara, mbona unaendesha vile?" Naye akajibu, "Barabara haimwogopeshi huyu. Anaogopa ofisi." Sikujua kama inaonekana.

Mvua zikaanza, na mbu wakaja nazo. Kwa desturi hiyo ndiyo miezi ya malaria, wodi zinajaa, na kila mtu alitarajia hivyo, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka mara moja. Mimi nilirudi kwa Sista Naomi kwa sababu ya printa iliyokuwa inatafuna karatasi. Ilikuwa asubuhi. Nilimkuta hana mzaha. Wodi ilikuwa chumba kimoja, vitanda vimebanana, akina mama wamekaa sakafuni na watoto mapajani, harufu ya uji na nguo mbichi. Akanivuta pembeni. "Hii dawa mpya, kwinini ya boksi jekundu, naona haina nguvu. Nachoma, homa inashuka kidogo, kesho imepanda. Mwezi huu mzima hivyo. Yule pale," akanionyesha kwa kidevu mtoto wa kike mwenye macho nusu wazi, "ameshakaa sana. Angekuwa ameshakwenda nyumbani." Nikamuuliza kama amewaambia ofisini. "Nimewaambia. Wamesema watauliza kampuni ya dawa." Mama wa yule mtoto alikuwa anasikiliza. Alimwambia jirani yake kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili ili na mimi nielewe, "Tunalipia maji."

Niliketi kwenye mashine kujaribu printa. Nikaandika jina la yule mtoto, namba, nikafika penye uzito, na kidole changu kikagusa bila kukusudia kile kitufe cha juu cha msaada. Kioo kikafunguka ukurasa mzima wa Kiingereza ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuusoma, na kando ya neno uzito zilikuwepo herufi mbili ndogo: lb. Nilizijua. Nilikulia nyuma ya kaunta ya duka, na chini ya kaunta yalikuwepo mawe ya mizani ya zamani yenye herufi hizohizo. Wazee wetu waliyaita ratili. Kilo moja ni ratili mbili na zaidi kidogo. Nilikaa nikiangalia herufi zile, nikaanza kupiga hesabu. Mtoto wa kilo kumi, mashine inamhesabu ana ratili kumi. Inamtolea dozi ya mtoto mchanga. Na haikuwa hapa tu. Hicho chakula kilipikwa mara moja kikapakuliwa kwenye sahani zote.

"Sista," nikaita. "Sista Naomi, njoo." Nilimweleza. Alivuta droo, akatoa kitabu chake cha mwongozo wa matibabu, akatafuta ukurasa kwa vidole vilivyokuwa haraka kuliko macho yake. Alisoma, akasoma kikaratasi cha mashine, akachukua kichupa cha kwinini mpya akakipeleka dirishani kuona maandishi yake. Nguvu ilikuwa ileile ya dawa ya zamani. "Nusu," akasema. "Haifiki hata nusu." Kisha akakaa kitandani kwa mgonjwa, jambo ambalo manesi hawafanyi. "Niliona sindano haijai. Niliona, Zuhura. Nikasema dawa za siku hizi ni kali, wazungu wanajua." Nilimwambia si kosa lake. Hakunisikia.

Sasa ikaja hofu ya pili, mbaya kuliko ya kwanza. Je, kama tunakosea sisi? Kwinini ikizidi inaweza kumuua mtoto au kumwacha hasikii. Mashine ilikuja na watu waliosoma, imepitishwa na ofisi, na sisi ni nesi mmoja na msichana aliyesoma herufi mbili. Tulipiga hesabu kwa kalamu, kila mmoja peke yake, tukalinganisha. Tukapiga tena. Elibariki alikuwa amesimama mlangoni kofia mkononi. Sista Naomi akavuta dawa kwenye bomba, na lilipojaa mpaka pale kitabu kiliposema, mkono wake ukasimama. "Ee Bwana," akasema, akachoma. Tulikaa na yule mtoto mchana kutwa. Kila alipopepesa macho niliruka. Mama yake aliniuliza mbona nalia, nikasema ni moshi, na hapakuwa na moshi wowote. Jua lilipokuwa linainama mtoto aliomba maji, kisha akamkasirikia mama yake kwa sababu maji yalikuwa machache. Sista Naomi alitoka nje akajiegemeza ukutani, nikamsikia anacheka na kulia kwa pamoja.

Zahanati ilikuwa na redio ya mawasiliano, na tulivipata vituo viwili. Sista Naomi alizungumza bila kuzunguka: acheni vikaratasi, fungueni kitabu, pimeni wenyewe. Cha tatu, cha mzee Sogoda, hakikujibu, betri yao ilikuwa imekufa tangu mvua zianze. Mara sauti ya Bwana Mhando ikaingia katikati, ile sauti yake ya upole. "Zuhura, upo hapo? Usiseme neno jingine. Watu wote wanasikia." Nikamwambia kuhusu ratili. Palikuwa na mikwaruzo, nikadhani amekatika. "Wageni wanakuja wiki hii," akasema. "Wanaolipa mradi. Unanielewa? Wakisikia neno hili leo, kesho hakuna mradi, hakuna ofisi, hakuna wewe. Rudi mjini kesho tuongee kwa utaratibu. Msengi, unasikia? Mlete ofisini moja kwa moja. Gari lisiende kwingine." Elibariki alikuwa nyuma yangu. Aliinama kwenye kile kipaza sauti akasema, "Nimesikia, mkubwa," na akazima.

Usingizi sikuupata. Nilikuwa nafikiria kazi, nikasikia aibu kwa kufikiria kazi, kisha nikaifikiria tena. Asubuhi tukaondoka mapema. Kwenda Kintinku lazima upite Singida mjini, na barabara ilipita mbele ya ofisi yetu. Tulipokaribia, Elibariki alipunguza mwendo. "Dada Zuhura, mimi nina mke na watoto. Nikilipita lile geti nimejifukuza kazi mwenyewe. Wewe unasemaje?" Nilimwambia, "Mzee Sogoda aliondoa chati zake ukutani." Ndilo lililotoka. Elibariki akaitikia kwa kichwa mara moja, akabadili gia. Bwana Mhando alikuwa amesimama getini na glasi yake ya chai, anatungoja. Niliona uso wake unageuka kutufuata, bila hasira, umelegea tu kama uso wa mtu aliyeona kitu kinaanguka na hawezi kukifikia. Nilijiinamia mpaka paji likagusa dashibodi. Elibariki akasema, "Inuka, ameshatuona," na ndani ya ile hofu tukacheka, kicheko kibaya, kama vichaa, mpaka tukalivuka soko.

Mchana tulifika kwa mzee Sogoda. Barabara ilikuwa imekatika mahali, tulisukumwa na wachunga ng'ombe, nilikuwa na matope mpaka magotini. Alikuwa kwenye meza yake anaandika. Nilisahau hata kumwamkia. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Tumemzika mmoja juzi," akasema. "Mvulana. Malaria ya kichwani." Nikamuuliza, "Mzee, ni kwa sababu ya…" Akaniinulia kiganja. "Binti, malaria ya kichwani inaua hata kwa dozi kamili. Nimezika watoto miaka yote ya kazi yangu. Huyu sijui. Wewe pia hujui. Hatutajua." Aliinuka akaenda wodini, nikamsikia akiwaita manesi, mmoja mmoja kwa jina. Mimi nilikaa kwenye mashine. Nilitunza majina ya watoto mahali pake, kisha nikaifuta programu yenyewe. Kioo kiliniuliza kama nina uhakika. Nilibaki nimeshika kidole juu ya herufi ya kukubali kama mtu aliyesimama ukingoni mwa kisima, maana kile kilikuwa kitu cha ofisi, kimenunuliwa kwa fedha ambazo ukoo wangu wote usingezilipa, na hakuna aliyenituma. Nikabonyeza.

Tuliporudi mjini, Bwana Mhando hakutupokea. Tulikaa kwenye benchi la barazani, na kupitia dirisha tulimsikia akizungumza kwa simu na Dar es Salaam. "Hapana, mkubwa. Hakuna tatizo lolote. Vijana wamechanganyikiwa kidogo na vipimo." Kisha, "Ndiyo, mkubwa." Kisha "ndiyo, mkubwa" nyingi, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia. Sijawahi kumsikia mtu mzima akiwa na hofu kiasi kile, na nilishangaa kuona kwamba chuki yangu kwake inaniponyoka. Nilitaka kuendelea kumchukia, ingenisaidia.

Aliyemaliza jambo lile ni Sista Naomi. Siku ya wageni alikuja na lori la alizeti, amevaa sare yake ya kazi imechafuka matope, akaingia ofisini na viatu vyake miguuni, wageni wakiwa wamekaa sebuleni wanaonyeshwa mashine. Kwenye leso alikuwa amefunga vichupa vitupu vya kwinini na vile vikaratasi. Akavipanga juu ya meza mbele yao, akasema kwa Kiswahili, polepole, kama anavyosema na wagonjwa, "Shikamooni. Mimi nimekuja kuwaonyesha dozi mnayowapa watoto wetu." Mgeni mmoja akamtazama Bwana Mhando amtafsirie. Kutoka mlangoni niliona Bwana Mhando akifungua kinywa, akakifunga. Angeweza kusema lolote, wale hawakuelewa. Kisha akatafsiri, neno kwa neno, na herufi zile mbili akazitaja kwa Kiingereza waziwazi, akiwa anaangalia viatu vyake.

Disketi mpya zilikuja kabla mvua hazijaisha, zimepikwa upya kwa kilo. Waliziweka wengine, si mimi. Mimi na Elibariki tuliambiwa kwamba mradi unapunguza wafanyakazi. Bwana Mhando alituita mmoja mmoja. Aliniambia, "Mlifanya sawasawa, Zuhura, na mimi nimeambiwa niwaondoe, na nimekubali." Akanisukumia glasi ya chai. Tukainywa wote wawili bila kutazamana. Elibariki alirudi Kinyangiri kulima, na mkewe, ambaye alikuwa na haki ya kunichukia, alinitumia kuku wawili na dumu la asali.

Lakini kuna neno moja lilikuwa limebaki, na halikuniacha nilale. Kabla Elibariki hajaondoka mjini nilimwambia kwamba nataka kwenda kwa mama wa yule mvulana aliyezikwa. Alifikiri sana. "Usiende kumwambia ili upate usingizi wewe," akasema. "Na kama utakwenda, nenda mchana, usiende na zawadi." Nikapanda basi peke yangu. Mzee Sogoda hakufurahi kuniona, ila alinipa mtu wa kunielekeza njia. Ilikuwa nyumba ya tembe, paa lake bapa la udongo, rangi moja na ardhi iliyoikalia, ndama kafungwa mlangoni. Mama mwenyewe alikuwa kijana karibu kama mimi. Nilimsalimu kwa Kigogo, "Mbukwa," akaitikia, akaniletea kigoda, na nikaona nimesahau maneno yote niliyokuwa nimeyapanga njiani. Nilimwambia kama yalivyokuwa. Kwamba mashine ilihesabu vibaya. Kwamba huenda dawa ilikuwa pungufu. Kwamba mganga alifuata alichoagizwa, na kwamba hakuna anayejua kama ingekuwa vingine.

Alikuwa anachambua mboga. Hakuacha. Nikawa natazama mlango, nikijiuliza mume wake yuko wapi, ndugu zake wako wapi, watanifanya nini. Mwishowe akasema, "Unaniambia ili nifanye nini?" Nilimwambia sijui. Akaitikia kwa kichwa, kana kwamba hilo angalau ni la kweli. Kisha kutoka gizani ndani ya nyumba mtoto akalia, kilio kikavu, na mkono wake ukasimama juu ya mboga. "Huyo mdogo wake," akasema. "Anachemka tangu jana. Nimeogopa kumpeleka kule." Kwa mara ya kwanza akanitazama usoni. "Wewe unaijua hiyo mashine. Twende wote."

Tulikwenda kwa miguu, yeye amembeba mtoto mgongoni, mimi nimebeba kibuyu cha maji. Kituoni walimpima damu, wakamweka kwenye mizani, nesi akaandika uzito, printa ikalia. Kile kikaratasi kilipotoka, mama hakukiangalia. Hakumwangalia nesi wala mzee Sogoda aliyekuwa amesimama na kitabu chake wazi. Aliniangalia mimi. Nilikichukua. Nilipiga hesabu kichwani, nikaipiga tena, nikamwomba mzee Sogoda kitabu nikaweka kidole kwenye mstari, nikasoma kichupa, nikarudi mwanzo. Jasho lilikuwa linanitiririka ndani ya baibui. Hakuna aliyenihimiza.

"Ni sawa?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Ni sawa."

Alikaa akinitazama kidogo zaidi. Kisha akamgeuza mtoto pajani, akamshika miguu, akamwambia nesi achome.